Kulia kwa Yerko

Nilivinunua viwili kwa bei ya mkate mmoja,
vigemu vya mkononi, vyote maiti,
kwenye turubai la Don Hermógenes, nyuma ya soko la Angelmó:
kimoja kioo kimepasuka kama barafu ya dimbwi,
kingine betri zimevujia ndani zikaota ukungu wa kijani.
"Havifufuki, binti," akasema, huku ameshazipokea pesa.
Sikutaka vifufuke. Nilitaka viungo.
Kufa kufaana.

Nyumbani mvua ya Puerto Montt ilikuwa na siku ya kumi na moja.
Nikasukuma sahani za chajio, nikatandaza gazeti,
nikatafuta bisibisi ya pembe tatu, sikuipata;
nikayeyusha mrija wa kalamu juu ya kiberiti,
nikaukandamiza kwenye kichwa cha skrubu ungali laini
hadi ukaganda na sura yake.
Skrubu ya sita ilikataa.
Ya sita hukataa siku zote.

Ukifungua mashine ya mtu, unamsoma.
Huyu alikuwa mrukaji:
mpira chini ya kitufe cha A umelika hadi unapitisha mwanga,
wa B mzima kama wa dukani.
Kwenye msalaba wa mishale, mshale wa kulia umefutika,
wa kushoto bado mkali.
Hakuwa mtu wa kurudi nyuma.
Na ndani ya kifuniko, kwa ncha ya sindano:
NIBALDO 5° B. USIGUSE.
Nimegusa, Nibaldo. Niwie radhi.
Nadhani sasa una kitambi na deni la nyumba.

Ubongo niliutoa kwenye kibodi ya ofisini kwa mama,
ile iliyomwagiwa kahawa ikabaki kuandika Ñ peke yake.
Mwili niliuchonga kwenye kigae cha mbao ya alerse
kilichong'olewa na upepo wa Julai ukutani kwa bibi,
kijivu nje, chekundu ndani,
nikakipiga msasa hadi kiganja kikaacha kulalamika.

Kitufe ni nini? Nyaya mbili zilizonuniana,
hazisemezani mpaka kidole kije kuzipatanisha,
nukta moja tu, kisha kila moja kwake.
Nililehemu jozi kumi na mbili.
Nilijiunguza mara mbili, ya pili palepale pa kwanza.
Saa nne usiku umeme ukakatika kilima kizima,
tone la risasi likanifia kwenye ncha,
nikakaa gizani na waya mwekundu kati ya meno
nisisahau ulikuwa unakwenda wapi.
Umeme uliporudi, nilikuwa nimesahau.

Yerko, mdogo wangu, ana miaka tisa na hana subira.
Akabonyeza kulia. Kijimtu kwenye runinga kikaenda kushoto,
kikagonga ukuta wa mwanzo wa dunia,
kikagonga tena.
"Lete nikifungue," nikasema, gundi ingali mbichi.
Akakificha kwapani.
"Usiguse."

Siku tatu alitumbukia kila shimo.
Ya nne akavuka daraja,
gumba likitembea huku, macho yakitembea kule,
akacheka peke yake kama mwenye siri.
Jumamosi akaenda kwa binamu yetu Danilo,
mwenye kidhibiti cha dukani, cheusi, kisicho na kosa,
akafungwa na mtoto wa miaka mitano.
Alirudi amelowa, hakutaka hata chai.
"Cha Danilo kibovu," akasema.
"Kulia kwake ni kulia."

Waya ule ninaujua sasa. Ni kazi ya dakika tano.
Jana, yeye yuko shuleni, nilichukua kisu nikatafuta mshono,
nikakileta dirishani kwenye mwanga.
Mshale wa kushoto, ule ambao Nibaldo hakuuhitaji,
umeanza kufutika.
Nikarudisha kisu jikoni,
nikaviringa kamba anavyoiviringa yeye,
vibaya.